Kwa nini mbwa mwitu mmoja alindwe na mwenzake awindwe?

Swali: Nimesoma kwamba mbwa mwitu wa kijivu wa Marekani wametolewa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, wakarudishwa, kisha wakatolewa tena, na karibu kila mara uamuzi umeishia mahakamani. Nimesoma pia kwamba mnyama huyo hulindwa akiwa upande mmoja wa barabara na hupoteza ulinzi huo akivuka upande wa pili. Ikiwa spishi ni moja, sheria inapata wapi uwezo wa kuwagawa? Na ikiwa idadi yao imepita lengo lililowekwa na serikali yenyewe, majaji wanarudisha ulinzi kwa msingi gani?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na jina ili tusipishane. Mbwa mwitu unayemuulizia ni yule ambaye wanasayansi humwita Canis lupus, wala si yule mwenye mabaka wa nyika za Afrika ambaye kwa Kiswahili hubeba jina hilohilo. Maswali yako mawili yana jibu linalokaribiana. Sheria ya Marekani huruhusu kundi moja la spishi lihesabiwe kana kwamba ni spishi kamili, na mashauri mengi unayoyasoma hayagombaniwi kwa sababu ya idadi ya wanyama walio ndani ya mstari uliochorwa. Yanagombaniwa kwa sababu serikali haikueleza itakuwaje kwa wale waliobaki nje yake, au haikueleza ni kitu gani kitakachowalinda walio ndani baada ya ulinzi kuondolewa.

Sheria ya Spishi Zilizo Hatarini ilitiwa saini na Rais Richard Nixon tarehe 28 Desemba 1973. Miaka mitano baadaye, katika marekebisho ya 1978, Bunge la Marekani liliandika upya maana ya neno «spishi», likasema kwamba linajumuisha nususpishi yoyote na pia sehemu yoyote ya pekee ya kundi la wanyama wenye uti wa mgongo wanaozaana wakikomaa. Sehemu hiyo nitaiita hapa kundi bainifu. Kwa hiyo wadudu, konokono na mimea hawawezi kugawanywa kwa njia hii, lakini samaki, ndege na mamalia wanaweza. Nia ilikuwa njema na inaeleweka kwa urahisi: mnyama anaweza kuwa amejaa Alaska na Kanada huku akiwa amebaki mmojammoja katika majimbo 48 yaliyo kusini yake, na Bunge halikutaka ulinzi usubiri mpaka spishi nzima ianze kuzama duniani kote.

Hata wakati huo kulikuwa na wasiwasi. Mwaka 1979 wakaguzi wa Bunge walionya kwamba kwa maneno hayo serikali ingeweza kuwaorodhesha kindi wa bustani moja ya mji hata kama bustani nyingine za mji huo zimejaa kindi. Seneti haikuyafuta maneno hayo, ila ilizitaka mamlaka ziyatumie kwa uchache, na pale tu ushahidi wa kibiolojia unapodai hivyo. Agizo hilo la uchache limenukuliwa na pande zote mbili za mashauri haya tangu hapo, kila upande ukilivuta kwake.

Sheria yenyewe haikusema kundi bainifu litambuliweje. Pengo hilo lilizibwa mwaka 1996 na mwongozo wa pamoja wa Idara ya Samaki na Wanyamapori na mamlaka ya uvuvi wa baharini. Kwanza kundi liwe limetengana na wenzake, ama kimaumbile, kimazingira au kitabia, ama kwa mpaka wa kimataifa ambao pande zake mbili zinawasimamia wanyama kwa namna tofauti. Pili liwe na umuhimu kwa spishi nzima, kwa mfano liwe linaishi katika mazingira yasiyo ya kawaida, liwe na tofauti kubwa za kijenetiki, au kutoweka kwake kuache pengo kubwa katika eneo la spishi. Masharti hayo mawili yakitimia ndipo huulizwa kama kundi hilo liko hatarini. Utaona kwamba mpaka wa nchi unatambuliwa lakini mpaka wa jimbo hautambuliwi, kwa kuwa mnyama ni yuleyule na sheria ya shirikisho ni ileile pande zote mbili. Hilo litakuwa na uzito mkubwa tutakapofika jimbo la Wyoming.

Sharti la umuhimu ndilo lililozaa mashauri ya awali, na mfano ninaoupenda ni wa nyangumi wauaji wa kusini wanaokula samoni katika maji ya jimbo la Washington na Kanada. Mwaka 2002 mamlaka ya uvuvi ilikubali kwamba wametengana na wenzao, lakini ikakataa kuwaorodhesha kwa hoja kwamba hawana umuhimu kwa spishi nzima ya dunia, ilhali yenyewe ilikiri kwamba uainishaji wa spishi hiyo moja ya dunia umepitwa na wakati. Mwaka 2003 mahakama ya wilaya ilikataa hoja hiyo, kwa kuwa sheria inataka sayansi bora iliyopo na mamlaka haiwezi kupima umuhimu kwa kipimo inachokijua kuwa kibovu. Mwaka 2005 nyangumi hao waliorodheshwa kuwa wamo hatarini. Bundi mdogo wa Arizona alipata kinyume chake. Aliorodheshwa mwaka 1997, wajenzi wa nyumba wakashtaki, na mwaka 2003 mahakama ya rufani ikaona kwamba Idara ilithibitisha utengano wa kundi la Arizona lakini haikuthibitisha umuhimu wake. Akatolewa mwaka 2006, na hakurudi kwenye orodha mpaka 2023, safari hiyo nususpishi yake ikiorodheshwa kuwa iko katika tishio. Nautaja mfano huu kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mahakama daima huamua kwa faida ya mnyama. Mahakama hupima sababu zilizoandikwa, na sababu dhaifu huanguka hata zikiwa zinamtetea mnyama.

Sasa tufike kwa mbwa mwitu. Mwaka 1978 waliorodheshwa kuwa hatarini katika majimbo yote 48, isipokuwa Minnesota ambako waliwekwa katika daraja la chini yake, la spishi zilizo katika tishio. Mwaka 1995 na 1996 serikali iliwaleta mbwa mwitu 66 kutoka Kanada, 31 wakaachiwa katika hifadhi ya taifa ya Yellowstone na 35 katikati ya jimbo la Idaho. Walistawi haraka. Lengo la milima ya Rocky ya kaskazini, yaani jozi 30 zinazozaa na wanyama 300 kwa miaka mitatu mfululizo, lilitimia mwishoni mwa 2002. Idara ilianza kutafuta njia ya kuwatoa kwenye orodha pale walipofanikiwa bila kuwatoa kila mahali, na chombo kilichokuwa mkononi kilikuwa kundi bainifu. Chombo kilichotungwa ili ulinzi uweze kutolewa mapema kikaanza kutumiwa ili uweze kuondolewa mapema, na mgogoro wa miaka ishirini iliyofuata umekaa hapo.

Jaribio la 2003 liligawa nchi katika makundi matatu makubwa, na likatenguliwa na mahakama mbili mwaka 2005, kwa sababu mistari ilijumuisha maeneo makubwa yasiyo na mbwa mwitu kabisa na kuyapunguzia ulinzi pamoja na yale yaliyo nao. Mwaka 2008 Idara ikachora kundi la Rocky ya kaskazini peke yake: Montana, Idaho na Wyoming zima, theluthi ya mashariki ya Washington na ya Oregon, na kipande kidogo cha Utah. Hapo ndipo barabara uliyoisoma inapoingia. Katika Oregon sehemu ya mstari huo hufuata barabara kuu namba 395, kwa kuwa mstari unahitaji alama ambayo mtu aliyesimama porini anaweza kuiona. Mbwa mwitu haijui, bila shaka, na vijana wanaoacha kundi la wazazi wao ili kutafuta mwenzi huivuka.

Jaji Donald Molloy wa Montana aliizuia kanuni ya 2008, akieleza kwamba Idara ilikuwa imeweka sharti la mbwa mwitu wa Yellowstone kubadilishana damu na makundi mengine, kisha haikuonyesha kwamba jambo hilo linatokea. Aligusia pia sheria ya Wyoming, iliyoruhusu wauawe wakati wowote, kama wanyama waharibifu, katika sehemu kubwa ya jimbo. Idara ikarudi mwaka 2009 na suluhu iliyoonekana ya busara: iondoe ulinzi Montana na Idaho, ambako mipango ya jimbo ilikuwa inaridhisha, na iuache Wyoming. Agosti 2010 jaji huyo aliitengua nayo. Hoja yake ilikuwa fupi na kwa maoni yangu haina jibu zuri. Ikiwa kundi bainifu ndilo spishi kwa maana ya sheria, basi ama liko hatarini ama haliko. Huwezi kulikata tena kwa mpaka wa jimbo kwa sababu ya siasa za jimbo moja. Serikali ilikuwa imepewa kisu cha kukatia mara moja, ikataka kukata mara mbili.

Kilichofuata hakikuwa rufani ya kawaida. Aprili 2011 Bunge liliweka ndani ya sheria ya bajeti kifungu kilichoamuru kanuni ya 2009 itolewe upya kama ilivyokuwa, na kikaongeza kwamba isihojiwe mahakamani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Bunge kulitoa kundi la wanyama kwenye orodha kwa kura. Wanaharakati walidai kwamba Bunge limeingilia kazi ya mahakama. Jaji Molloy aliandika waziwazi kwamba anaona wana hoja, lakini alifungwa na maamuzi ya juu yaliyotangulia, na mwaka 2012 mahakama ya rufani ikaidhinisha kifungu hicho. Bunge lilikuwa na mamlaka hayo, sikatai. Lilishafanya jambo linalofanana mwaka 1979 lilipoliruhusu bwawa la Tellico likamilishwe, mwaka mmoja baada ya Mahakama ya Juu kulisimamisha kwa ajili ya samaki mdogo wa mto lilipojengwa. Ninachokisikitikia ni kwamba swali zuri la kisheria lilifungwa bila kujibiwa, na ndiyo sababu mstari wa barabara 395 una nguvu mpaka leo hata baada ya kanuni nyingine nyingi kuanguka.

Katika eneo la Maziwa Makuu ya Marekani, yaani Minnesota, Wisconsin na Michigan, mahakama zilipata nafasi ya kulimaliza jambo. Idara iliwatoa mbwa mwitu wa huko mwaka 2007, ikashindwa mwaka 2008, ikawatoa tena Desemba 2011, na ikashindwa tena Desemba 2014. Agosti 2017 Mahakama ya Rufani ya Washington, D.C. ilitoa hukumu ambayo ningemshauri yeyote anayefuatilia suala hili aanze nayo. Ilikubali kwamba Idara inaweza kulichora kundi bainifu ndani ya spishi iliyokwisha kuorodheshwa na kulitoa wakati huohuo, na kwa hilo iliwakatalia walalamikaji sehemu kubwa ya hoja yao. Lakini ilisema kwamba kabla ya kufanya hivyo Idara lazima ijiulize ni nini kitabaki. Ukiwaondoa mbwa mwitu wote wenye afya kutoka katika orodha ya majimbo 48, wale wachache waliotawanyika kwingineko huachwa bila kundi wanalohesabiwa nalo, na siku ya pili anaweza kutokea mtu akasema kwamba mabaki hayo si spishi wala kundi, kwa hiyo hayana ulinzi. Idara haikuwa imelifikiria hilo, wala haikuwa imepima ipasavyo upotevu wa eneo la zamani la mnyama huyo.

Nije kwenye swali lako la pili. Sheria haiulizi wanyama ni wangapi tu. Inataja sababu tano ambazo yoyote kati yake inatosha kumweka mnyama kwenye orodha: kuharibiwa kwa makazi yake, kuwindwa au kutumiwa kupita kiasi, magonjwa na wanyama wanaomla, upungufu wa kanuni zinazomlinda, na jambo lingine lolote la asili au la binadamu linalotishia uhai wake. Anayetaka kumtoa lazima azijibu zote. Sababu ya nne ndiyo inayowasumbua watu wengi, kwa kuwa inatazama mbele: leo ni wengi kwa sababu sheria ya shirikisho inawalinda, je, kesho isipokuwepo kutakuwa na nini? Februari 2021, wiki chache baada ya ulinzi kuondolewa, Wisconsin iliwaruhusu wenye leseni za jimbo kuwinda mbwa mwitu 119, na katika muda usiofika siku tatu walikuwa wameuawa 218.

Dubu wa grizli wa Yellowstone wanalionyesha jambo hili vizuri kuliko mbwa mwitu. Waliwekwa katika daraja la tishio mwaka 1975, wakati dubu wa Yellowstone walikadiriwa kuwa 136, na kufikia 2017 walikuwa karibu 700. Hakuna aliyebisha kwamba wameongezeka. Walipotolewa mwaka 2007, mahakama ilirudisha ulinzi mwaka 2009, na mwaka 2011 mahakama ya rufani ikaafiki kwa sababu ya mti: mbegu za msonobari wa gome jeupe ni chakula kikubwa cha dubu hao kabla ya usingizi wa baridi, miti ilikuwa inakufa kwa mbawakawa na ugonjwa, na Idara haikueleza kwa nini hilo halingewadhuru. Walipotolewa tena mwaka 2017, Jaji Dana Christensen aliitengua kanuni Septemba 2018, wakati Wyoming na Idaho zilikuwa tayari zimepanga uwindaji wa kwanza baada ya zaidi ya miaka 40, wa dubu wasiozidi 23.

Sababu za Christensen, ambazo mahakama ya rufani ilizikubali mwaka 2020, zilikuwa tatu. Idara haikuchunguza kundi hilo likitolewa dubu wengine wa majimbo 48 wataachwa katika hali gani, yaani kosa lilelile la Maziwa Makuu. Haikutoa uhakika wa damu mpya kuingia katika kundi lililojitenga. Ya tatu ni ya kiufundi lakini ndiyo ningeisisitiza. Njia ya kuwahesabu dubu iliyotumika ilijulikana kuwa inatoa makadirio ya chini. Siku ikija njia bora zaidi, idadi kwenye karatasi itapanda ghafla bila dubu hata mmoja kuzaliwa, na kama viwango vya uwindaji havitarekebishwa kuendana na hesabu mpya, dubu wengi watauawa kwa ongezeko lisilokuwepo. Wanasayansi wa Idara walitaka ahadi ya marekebisho hayo, majimbo yakaikataa, na Idara ikaiacha. Mahakama haikuhitaji kujua idadi kamili ya dubu ili kuona kwamba hapo sayansi ilipisha njia kwa mapatano.

Kwa hiyo unaposoma kwamba jaji «amerudisha ulinzi», elewa kwamba hajaamua kuwa mnyama yuko hatarini. Amesema tu kwamba uamuzi ni wa kiholela au hauendani na sheria, ameutengua, na amelirudisha suala kwa Idara, ambayo iko huru kujaribu tena ikiwa na sababu bora. Na majaji hawakubaliani wao kwa wao. Wyoming ilipata ushindi wake mwaka 2012, Idara ilipowatoa mbwa mwitu wa jimbo hilo kwenye orodha, ikaupoteza mwaka 2014 kwa sababu ahadi yake ya kubaki na mbwa mwitu zaidi ya idadi ya chini haikuwa na nguvu ya sheria, kisha mwaka 2017 mahakama ya rufani ikaona kwamba ahadi hiyo inatosha na kuirudishia usimamizi. Mwaka 2007, katika shauri la kindi wa kijivu wa jimbo la Washington, mahakama ya rufani iliuidhinisha mwongozo wa 1996 wenyewe na kukubali kindi hao wasiorodheshwe.

Lazima nikiri kwamba manung'uniko ya majimbo na wafugaji yana msingi. Waliambiwa jozi 30 na wanyama 300, wakavumilia hasara ya ng'ombe na kondoo, na walipokuwa na zaidi ya wanyama 1,600 bado waliambiwa wasubiri. Mtu anayeona goli linahamishwa kila akilikaribia huacha kushirikiana, na mnyama anayeishi katika ardhi ya watu waliokata tamaa hayuko salama hata akiwa na sheria kumi. Lakini lawama naiweka kwa Idara kuliko kwa mahakama. Baadhi ya makosa iliyoyafanya 2017 kwa dubu yanafanana na yale yaliyotajwa katika hukumu za mbwa mwitu. Kuchunguza mabaki, kupata ahadi zinazofunga kisheria na kueleza upotevu wa eneo la zamani ni kazi ngumu lakini inafanyika, na kanuni moja iliyoandikwa vizuri ingewafaa wafugaji kuliko kanuni nne zilizotenguliwa.

Kuhusu hali ya karibuni: kanuni ya Novemba 2020, iliyowatoa mbwa mwitu wa kijivu karibu nchi nzima, ilitenguliwa Februari 2022 na mahakama ya California, lakini uamuzi huo haukuigusa Rocky ya kaskazini kwa sababu ya kifungu cha 2011. Februari 2024 Idara iliyakataa maombi ya kuwarudishia ulinzi mbwa mwitu wa magharibi, na Agosti 2025 Jaji Molloy aliutengua ukataaji huo na kuurudisha ufikiriwe upya. Katikati ya hayo, Juni 2024, Mahakama ya Juu iliamua kwamba majaji hawalazimiki tena kuifuata tafsiri ya idara ya serikali pale maneno ya sheria yanapokuwa na utata. Maneno yanayolihusu kundi bainifu yana utata kuliko mengi ninayoyajua, na mwongozo wa 1996 umesimama muda wote huu kwa msaada wa utaratibu huo wa zamani. Shauri litakalokuja linaweza kuuliza upya, mbele ya jaji asiyefungwa na jibu la Idara, kama mstari uliochorwa ili kumlinda mnyama unaweza kisheria kuchorwa ili kumtoa.

Mpaka hapo, mbwa mwitu wa Oregon akitoka mashariki na kuvuka barabara 395 kuelekea magharibi huingia katika ulinzi wa shirikisho, na akirudi alikotoka huwa chini ya sheria ya jimbo peke yake.